Sarafu za mwaka mmoja kutoka viwanda tofauti: zinatambuliwaje?

Swali, kutoka Langoni, Lamu

Assalamu alaykum, na wasiokuwa Waislamu nawasalimu kwa heshima ileile. Marehemu babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akaacha kopo la sarafu ambalo familia imekubaliana nilitunze mimi, mjukuu wake wa kike wa kwanza. Nimekwisha kuzigawa kwa nchi na kwa thamani, kazi ambayo haikunitaabisha sana kwa kuwa majina na nambari nyingi bado zinasomeka. Taabu imeanza nilipotaka kuzichambua zaidi ya hapo.

Ninazo senti moja tatu za Afrika Mashariki, zile zenye tundu, zote za mwaka 1952 na zote zina jina la Mfalme George wa Sita. Kwa macho matupu hazitofautiani hata kidogo, lakini kwa kioo cha kukuzia nimeona kwamba moja ina herufi H, nyingine ina KN, na ya tatu haina herufi yoyote. Ninayo pia ndururu ya mwaka 1942 yenye alama iliyosagika, rupia mbili za Kihindi za mwaka 1916 ambazo moja ina nukta ndogo na mwenzake hana, na riale moja kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780, ambayo bibi yangu anashikilia kwamba haikutengenezwa mwaka huo hata kama imeandikwa hivyo.

Ninaomba wajuzi wanieleze herufi hizi zina maana gani, kukosekana kwa herufi kunaonyesha nini, na namna ya kujua kama alama fulani imetoka kiwandani au ni mkwaruzo uliopatikana mikononi mwa watu. Sina nia ya kuziuza. Nataka kila sarafu iwe na kadi yake yenye maelezo ya kweli, ili wanangu watakapolifungua kopo hili wasisome mambo ya kubahatisha.

Jibu la kwanza, kutoka Malindi

Wa alaykumu salaam, Bi. Umeanza pale ambapo wakusanyaji wengi huchelewa kufika, kwa sababu wengi huridhika na nchi, thamani na mwaka, wakadhani sarafu imekwisha kutambuliwa. Senti zako tatu zinaonyesha kwamba mwaka peke yake hautoshi: hizo ni sarafu tatu zilizopigwa katika viwanda vitatu, na kila moja inastahili kadi yake.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao London, na haikuwa na kiwanda chake hapa kwetu. Kazi ya kupiga sarafu ilipelekwa kwenye kiwanda cha kifalme cha London, na kazi ilipokuwa nyingi ikagawiwa viwanda vya watu binafsi. Herufi H ni ya kiwanda cha Heaton kilichokuwa Birmingham. KN ni ya kampuni ya Kings Norton, ambayo asili yake ni eneo hilohilo la Birmingham. Sarafu isiyo na herufi ni ya London. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, njia za bahari zilipokuwa za hatari, kazi ilihamishiwa pia Bombay na Pretoria, na ndiyo sababu sarafu za miaka ya 1941 hadi 1946 zinaweza kuwa na herufi I, yaani kiwanda cha India, au SA, yaani Afrika Kusini. Shilingi ya mwaka 1944, kwa mfano, ipo yenye H na ipo yenye SA, na shilingi ya 1942 ipo yenye H na yenye I.

Hiyo I ndiyo inayowapotosha watu kuliko zote, kwa sababu ni mstari mmoja tu uliosimama, na sarafu iliyopita mikono mingi ina mistari mingi ya bahati mbaya. Hapa ndipo swali lako la mkwaruzo linapopata jibu. Herufi ya kiwanda imechongwa ndani ya muhuri wa chuma unaopigia sarafu, kwa hiyo juu ya sarafu inatokeza. Ukiielekezea mwanga wa taa kutoka ubavuni, utaona kivuli chake kinaanguka upande ulio mbali na taa. Mkwaruzo umezama, na kivuli chake kinakaa upande ule unaotoka mwanga. Zungusha sarafu polepole chini ya mwanga huo wa ubavu na utaiona tofauti bila shaka. Mwanga wa jua la adhuhuri unaoanguka wima haufai kwa kazi hii, kwani unafuta vivuli vyote.

Kanuni hiyo ina jambo moja la kutahadhari. Baadhi ya viwanda viliweka alama iliyozama makusudi. Rupia za Kihindi za Mfalme Edward wa Saba zilizopigwa Bombay kati ya 1903 na 1910 zina herufi B iliyozama, na mtu aliyezoea kudhani kwamba kila kilichozama ni jeraha ataipuuza. Ukiona alama iliyozama ambayo ina umbo kamili la herufi, na ukaiona mahali palepale katika sarafu nyingine ya aina hiyo, basi ni ya kiwandani.

Rupia zako za 1916 ni za Mfalme George wa Tano. Geuza upande wenye thamani na maandishi ya Kiurdu, tazama ua la yungiyungi lililo chini kabisa ya shada. Yenye nukta chini ya ua hilo ni ya Bombay, na isiyo na nukta ni ya Calcutta. Desturi ya India imeendelea kuwa hiyo: hata leo sarafu za Kolkata hazina alama, za Mumbai zina umbo la almasi, za Hyderabad zina nyota, na za Noida zina nukta ya mviringo.

Sasa kuhusu kukosekana kwa herufi. Ukikuta nafasi ni tupu, jiulize kwanza kama nafasi hiyo imesagika. Ikiwa nambari za mwaka zimesimama imara na zile pembe za ndovu zilizochorwa juu ya senti bado zina mistari yake, basi utupu huo ni ushahidi, na unaweza kuandika London. Lakini ikiwa mwaka wenyewe unasomeka kwa kukisia, utupu hauthibitishi chochote, na katika kadi andika «kiwanda hakitambuliki». Ninasisitiza hili kwa moyo wote, kwani mkusanyiko wenye kadi tano za namna hiyo zilizoandikwa kwa uaminifu una thamani kuliko mkusanyiko uliojaa majina ya viwanda yaliyopachikwa kwa kudhani.

Jambo la mwisho kwa leo: usitafute herufi mahali pamoja tu. Nafasi yake hubadilika kutoka thamani moja hadi nyingine, kwa hiyo pitia pande zote mbili, kuanzia karibu na mwaka.

Jibu la pili, kutoka Mkomani, Lamu

Mwanangu, nimesoma swali lako na nimemfurahia sana bibi yako, kwa maana amesema kweli. Mimi ni sonara, na riale za namna hiyo zimepita juu ya mizani yangu na ya baba yangu kabla yangu, nyingi zikiletwa ziyeyushwe ziwe vikuku na pete. Naomba hiyo yako isiyeyushwe.

Mwanamke huyo ni Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki mwezi Novemba mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, wa Uhabeshi na wa pwani yetu walikuwa wameizoea sura yake na walikataa nyingine, kwa hiyo viwanda viliendelea kuipiga sarafu ileile na kuacha mwaka uleule wa kifo chake, na mpaka zama zetu hizi kiwanda cha Vienna kinaipiga. Chini ya kifua chake utaona herufi S.F., ambazo asili yake ni majina ya maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, na hizo nazo zilinakiliwa na kila aliyekuja baadaye. Kwa hiyo mwaka hausaidii, na herufi hazisaidii. Hii ndiyo sarafu ngumu kuliko zote zilizomo katika kopo lako, na ndiyo inayolipa subira.

Viwanda vilivyoipiga ni vingi. Mwaka 1935 serikali ya Mussolini ilipata mihuri kutoka Vienna ili ipige riale za vita vya Uhabeshi, zikawa zinapigwa Roma. Waingereza, ambao biashara yao ya Bahari ya Shamu ilitegemea sarafu hiyo, wakaanza kupiga za kwao London mwaka 1936. Paris na Brussels walipiga, Bombay wakapiga wakati wa vita, na Birmingham wakapiga baada ya vita. Wote walikuwa wakinakili sura moja, lakini mikono ya wachongaji haifanani, na tofauti zimebaki katika vitu vidogo: idadi na mpangilio wa lulu katika bizimu ya begani na katika kilemba cha kichwani, umbo la manyoya ya mkia wa tai mwenye vichwa viwili, namna ule msalaba mdogo wa mshazari ulivyokaa baada ya mwaka 1780, na mapambo yaliyo baina ya maneno ya ukingoni.

Ukingo ndio nautazama mimi kwanza. Sarafu ya halali ina maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, na maneno hayo yametokeza, hayakuzama. Yaliwekwa ili mtu asipate kuipunguza fedha kwa tupa bila kujulikana. Ukikuta ukingo laini, au una alama ya mshono unaozunguka sarafu nzima, hiyo imemiminwa katika kalibu na si ya kiwanda chochote. Kisha ipime. Uzito wake unatakiwa uwe karibu sana na gramu 28.07, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1000. Iliyochakaa itapungua kidogo, lakini iliyopungua gramu mbili inatia shaka, labda iwe imetobolewa au ilikuwa na kikonyo cha kuvaliwa shingoni.

Kwa rupia mizani haitakusaidia kiasi hicho. Rupia ya India, rupia ya Kampuni ya Kiingereza iliyopigwa mwaka 1888 kwa ajili ya Mombasa, na rupia ya Wajerumani yenye sura ya Wilhelm zote zilitengenezwa kwa uzito mmoja wa gramu 11.66 na fedha ya kiwango kimoja, sehemu 917 katika 1000, ili zipokelewe sokoni bila ubishi. Hapo ni macho tu. Ile ya Mombasa ina herufi H ya Heaton, mwenzangu wa Malindi amekwisha kuieleza.

Na nakusihi, mwanangu, usizioshe. Ndimu, ukwaju, majivu, mchanga laini wa pwani, dawa ya meno, vyote hivyo huondoa ngozi ya juu ya sarafu, na alama za kiwanda ndizo zinazoondoka mwanzo kwa kuwa ndizo ndogo. Kama ina vumbi la chumvi, iloweke katika maji safi yasiyo na chumvi, kisha iache ikauke juu ya kitambaa bila kusugua.

Muuliza anaandika tena

Nawashukuru nyote, na salamu za bibi zimfikie sonara wetu. Amecheka kwa furaha alipoambiwa kwamba alikuwa sahihi. Ukingo wa riale una maneno yaliyotokeza na mizani ya duka la jirani imeonyesha gramu 27.9, kwa hiyo naanza kuhesabu lulu.

Nina maswali mawili. La kwanza ni ile ndururu ya 1942: kwa mwanga wa ubavu naona herufi moja inayopinda kama S, na baada yake kuna kitu kilichosagika. La pili, nimekuta kopo lina sarafu ya shaba yenye taji, maneno D.O.A., nambari 20 na neno HELLER, mwaka 1916, na herufi T. Chapa yake ni mbaya mno, imekaa upande na kingo hazilingani. Je, ni ya bandia?

Jibu la tatu, kutoka Malindi

Ndururu ya mwaka 1942 inajulikana kwa namna mbili tu, isiyo na herufi na yenye SA. Ikiwa umeiona S iliyotokeza, basi hakuna herufi nyingine inayoweza kuwa pale, na una haki ya kuandika Pretoria. Hivi ndivyo orodha ya miaka na viwanda inavyomsaidia mtu: inapunguza yale yanayowezekana, kisha macho yanaamua kati ya yaliyobaki. Ingekuwa senti moja ya mwaka huohuo, uamuzi ungekuwa kati ya London na Bombay, na ungetafuta I.

Hiyo ya 20 HELLER si ya bandia kwa sababu ya ubaya wa chapa yake. Ubaya huo ni sehemu ya historia yake. D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Heleri za kawaida za Wajerumani, zilizoanza mwaka 1904, zilipigwa Ujerumani kwa ustadi, zikiwa na herufi A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Vita vilipoanza mwaka 1914 na meli zao zikazuiliwa, fedha ndogo zikawa haba, na mwaka 1916 wakaanza kupiga za dharura katika karakana ya reli ya Tabora. Herufi T ni ya Tabora. Walitumia shaba na shaba ya njano waliyoweza kuipata, mihuri yao ilichongwa palepale na ikachakaa haraka, na kazi ilikoma mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yalipoukamata mji mwezi Septemba. Nasikia fahari kila ninapoishika moja, kwa sababu katika sarafu nyingi za enzi hiyo zilizotumika Afrika Mashariki, hii ni mojawapo ya chache zilizopigwa katika ardhi ya Afrika Mashariki yenyewe.

Kwa sababu mihuri ilichongwa kwa mkono na kubadilishwa mara kwa mara, sarafu hii ina namna kadhaa. Tazama kwanza taji: kuna lililo kubwa na kuna lililo dogo, na tofauti inaonekana wazi ukipata mbili za kulinganisha. Kisha tazama herufi mbili za L katika neno HELLER. Katika baadhi ya mihuri ncha zake zimejikunja, katika mingine zimekatwa kwa ncha kali. Mwisho tazama rangi ya madini mahali palipochakaa zaidi, maana nyekundu ni shaba na ya manjano ni shaba ya njano. Ukiandika hayo matatu pamoja, yaani taji, ncha za L na madini, utakuwa umeitambua hasa. Chapa iliyokaa upande usiihesabu kuwa namna ya pekee. Hiyo ni ajali ya pigo moja, na sarafu iliyopigwa baada yake kwa muhuri uleule inaweza kuwa imekaa sawa kabisa.

Tofauti hiyo ishike vizuri, Bi, kwa sababu masoko ya mtandaoni yamejaa watu wanaouza kila ajali kwa jina la nadra. Tofauti ya muhuri hurudiwa katika kila sarafu iliyotoka katika muhuri huo. Ajali haina mwenziwe.

Kama kopo lina shilingi, nazo zipitie. Zile za Mfalme George wa Sita za kuanzia 1937 hadi 1946 zina robo ya fedha ndani yake, na maandishi yana ET IND: IMP:, yaani mfalme pia ni maliki wa India. India ilipojitawala mwaka 1947 maneno hayo yaliondolewa, na shilingi za kuanzia 1948 ni za shaba na nikeli bila fedha yoyote. Na ukikuta ndururu au senti kumi ya mwaka 1936, soma jina la mfalme kabla ya kutafuta herufi, kwani mwaka huo zilipigwa zenye jina la George wa Tano na nyingine zenye jina la Edward wa Nane, aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Kwa kuwa zina tundu katikati, hazikuhitaji sura yake.

Jibu la nne, kutoka Mambrui

Naongeza jambo moja kwa kuwa huku kwetu linaulizwa mara nyingi. Tangu wachimbaji wa mambo ya kale walipopata hapa Mambrui, na baadaye kisiwani Manda, sarafu ya Kichina ya enzi ya Mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15, watu wamekuwa wakileta kila sarafu yenye tundu la mraba na kuuliza imetoka kiwanda gani.

Sarafu hizo zimemiminwa, hazikupigwa, kwa hiyo mwanga wa ubavu utaonyesha vitundu vidogo vya kalibu ambavyo katika sarafu ya kupigwa vingekuwa dalili ya ubandia, na hapa si hivyo. Ya Yongle ina herufi nne upande wa mbele na upande wa nyuma ni mtupu, kwa hiyo jina la kiwanda halimo. Zile za baadaye, za utawala wa Qing, nyingi zina maandishi ya Kimanchu upande wa nyuma: neno la kushoto hutangulia jina na neno la kulia hutaja kiwanda. Anayetaka kuzitenganisha ajifunze maumbo ya maneno hayo ya kulia. Si mengi kiasi cha kukatisha tamaa.

Lakini Bi, ikiwa katika kopo la marehemu imo sarafu ya namna hiyo ambayo familia inajua iliokotwa Manda, Pate au Shanga, usiishughulikie peke yako. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inamtaka aliyepata kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na Makumbusho ya Lamu yako hapohapo kwenye barabara ya ufukweni. Andika kwenye kadi mahali ilipookotwa na nani aliyeiokota, kwa kadiri wazee wanavyokumbuka, kabla ya kuandika chochote kuhusu kiwanda, kwa maana mahali ilipotoka ndiko kunakowafaa wachimbaji zaidi, na habari hiyo haiwezi kusomwa juu ya sarafu kwa kioo chochote.